Picha Thelathini na Sita za Buganguzi

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za kwetu hutundikwa ukutani picha moja ambayo hakuna aliyekusudia kuitundika. Ilikuwa picha ndogo ya kitambulisho. Usiku wa msiba ikapelekwa mbio mjini, ikakuzwa, ikatiwa fremu, na asubuhi ikatangulia mbele ya jeneza. Picha ya kitambulisho haikupigwa ili ikuzwe kiasi hicho. Kwa hiyo uso wa marehemu hugeuka madoa, na macho yake humtazama mgeni kama ya mtu aliyesimama kwenye foleni akingoja kuitwa. Mtu ameishi miaka themanini, amelima, amelea, amecheka. Kinachobaki ukutani ni ile sekunde moja alipoambiwa asitikisike.

Picha ya namna hiyo ipo nyumbani kwetu Buganguzi, wilayani Muleba, katika Mkoa wa Kagera. Ni ya Babu. Siku tuliyomzika baba yangu mdogo aliniita kando, tukasimama pembeni mwa migomba, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko karipio: "Mwanangu, wewe ndiye mwenye kazi ya magazeti. Picha za mzee ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Picha zilikuwapo, tena nyingi; nilizipiga kila nilipokwenda likizo. Lakini zote zilikuwa ndani ya simu yangu ya zamani, na simu ile ilikwisha kufa na kila kilichokuwamo. Zile chache nilizokuwa nimewatumia ndugu zilikuwa za giza: anga nyuma ya Babu ni jeupe kama karatasi, na Babu mwenyewe ni kivuli chenye kofia. Mimi niliyeandika habari za watu wengi nisiowajua, sikuwa na picha moja ya kufaa ya mtu aliyenifundisha kusoma saa.

Tangu siku ile niliazimia kujifunza kupiga picha. Jumapili hii nataka kukueleza jinsi nilivyojifunza, maana najua kwamba wewe nawe, kama mimi, ni mfanyakazi, unatoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, una watoto, una wageni, una michango ya harusi, na kila unapoazimia kujifunza jambo jipya jibu lako ni lile lile: "Sina nafasi."

KARATASI YA MZEE WA KAMERA

Chuoni tulipokuwa tukisomea stashahada ya uandishi wa habari tulipata vipindi vichache vya upigaji picha, na kazini wapo wenzetu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Nilimwendea mmoja wao, mtu mzima aliyeanza kazi enzi za filamu. Nilimwomba anifundishe. Hakunipa kitabu wala hakuniambia ninunue kamera. Alitazama simu yangu, akasema inatosha. Kisha akaniuliza nina siku ngapi za likizo. Nikamwambia ni 28.

Akachukua karatasi, akaandika mambo sita, na chini yake akaandika: "Kila kazi picha sita. Zaidi ya hapo hapana."

Sita mara sita ni 36. Ndugu msomaji mwenye umri mkubwa kidogo ataikumbuka hesabu hiyo. Filamu ya kawaida ya kamera ndogo ilitoa picha 36, na mpiga picha wa gazeti aliyetumwa mkoani na filamu mbili tatu alijua kwamba kila anapobofya anapunguza akiba. Ndiyo maana alitazama kwanza. Sisi wa leo tunabofya kwanza, kisha hatutazami kabisa. Mzee wa kamera alitaka nirudi likizo na filamu moja tu ya kufikirika, wala nisifute picha yoyote, hata iliyoharibika.

Mwezi Juni, shule zilipofungwa, nilisafiri na wanangu wawili kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Muleba, na kutoka hapo tukapanda Buganguzi. Mume wangu alibaki kazini. Mkobani nilikuwa na ile karatasi pamoja na ratiba nzuri niliyoichora mwenyewe: kila siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili, kupiga picha.

Ratiba ile haikudumu hata siku mbili. Juni ni wakati wa kuvuna kahawa. Siku ya kwanza nilikuwa shambani na wenzangu kabla jua halijawa kali. Siku ya pili kulikuwa na msiba kijiji cha jirani. Siku ya tatu nilikuwa natafuta mahali penye mtandao ili nitume makala ya ukurasa huu. Mtu aendaye kwao baada ya mwaka mzima si mgeni wa hoteli. Ana deni la kuchuma, kupika, kuteka maji, kuhani na kusikiliza mashauri ya ukoo.

Usiku wa siku ya nne niliitoa ile ratiba, nikaichana. Badala yake nilijiwekea sharti dogo: nusu saa, tena nusu saa iliyomo ndani ya kazi yenyewe, wala si nje yake. Ndizi zinapochemka jikoni ni nusu saa. Kumsubiri mwenye mizani ni nusu saa. Tangu hapo sikukosa. Somo hili la kwanza si la kamera hata kidogo, lakini bila hilo mengine yote yasingekuwapo: kazi ya kujifunza iwe ndogo kiasi cha kuenea ndani ya siku uliyo nayo, badala ya kungoja siku usiyo nayo.

DIRISHA NA MUNDU

Kazi ya kwanza katika karatasi iliandikwa neno moja tu: "Dirisha." Nilidhani ni mzaha. Lakini picha za kale kabisa duniani ni za dirishani. Mfaransa Nicéphore Niépce, yapata mwaka 1826 au 1827, aliielekeza kamera yake nje ya dirisha la ghorofani, akapata picha ya mapaa ya nyumba yake baada ya kuiacha juani kwa saa nyingi. Mwingereza William Henry Fox Talbot, mnamo Agosti 1835, alipiga picha ya dirisha la nyumba yake huko Lacock. Ndiyo negativu ya kale kuliko zote zilizosalia, nayo ni ndogo karibu sawa na stempu ya barua. Watu hao walianza na dirisha kwa sababu picha, kabla ya kuwa uso au mlima, ni nuru inayopita mahali pamoja na kuangukia mahali pengine.

Nyumba ya Bibi ina dirisha moja dogo sebuleni. Nilimweka mwanangu wa kwanza kando yake, nikampiga picha mara sita katika siku moja, kila nilipopita na ndoo au sufuria. Saa sita mchana jua lilikuwa utosini na chumba kilikuwa kiza. Uso wa mtoto ulikuwa kama umepakwa majivu. Saa kumi na moja jioni nuru iliingia kwa upande, ikapita shavuni, ikaishia kwenye sikio, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mtoto yule ana kidevu cha Babu.

Hapo nikajifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu utoto. Jua la Buganguzi huchomoza na kuzama karibu nusu saa baada ya jua la Dar es Salaam, kwa sababu saa zetu ni za nchi moja lakini Kagera iko mbali upande wa magharibi. Mfanyakazi wa Muleba atokaye kazini jioni bado ana nuru nzuri ya kutosha. Mwenzake wa Dar es Salaam hana budi kufanya haraka. Na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua letu halikawii likianza kushuka. Nuru ya kupigia picha uso wa mtu ni ya saa moja hivi baada ya macheo na saa moja hivi kabla ya machweo. Saa za katikati, mpeleke mtu kivulini au mlangoni.

Kazi ya pili: "Kitu kimoja." Mmarekani Edward Weston alipiga pilipili hoho picha nyingi mwaka 1930, na ile ya namba 30 ndiyo iliyopata sifa duniani. Aliiweka pilipili ndani ya kifaa cha bati cha kumiminia, nuru ikazunguka vizuri. Ilikuwa pilipili ya kawaida. Kilichokuwa si cha kawaida ni kwamba hakuchoka kuitazama.

Mimi nilichagua mundu wa Babu, ule wa kupogolea migomba, ambao bado umechomekwa mahali pake ukutani jikoni. Picha tatu za kwanza zilikuwa picha za mundu. Yeyote angezipiga. Nilipolazimika kupiga ya nne nilianza kutafuta, na katika kutafuta nikaona kwamba mpini umelika upande mmoja, mahali kidole gumba kilipokuwa kikikaa. Mbao ilikuwa imepata bonde. Nikageuza mpini ukutane na nuru ya mlangoni ili bonde lile liwe na kivuli. Picha ya tano ndiyo hiyo. Hakuna uso ndani yake, lakini baba yangu mdogo alipoiona hakuuliza ni mundu wa nani.

Ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi ilisema sita. Tatu za mwanzo ni za mazoea. Mtu hupiga alichokwisha kukijua. Ya nne huuma, maana mazoea yamekwisha. Na picha mia zingekuwa anasa inayokuruhusu kutofikiri.

MIKONO, HATUA NA KIVULI

Kazi ya tatu ilikuwa "Mtu bila uso". Nilipiga mikono ya Bibi akimenya ndizi. Ye yote aliyekulia kwetu anaijua mikono hiyo: utomvu wa ndizi huingia katika mistari ya vidole na kuigeuza myeusi. Nilikaa kitako jikoni, nikaishusha simu ikawa sawa na mapaja yake, nikangoja kisu kifike mwisho wa ganda. Nilijiona bingwa. Tutarudi kwenye mikono hiyo.

Kazi ya nne: "Hatua tatu." Hii ni kanuni ya wapiga picha wa magazeti, na ingefaa kila mzazi aijue. Simama mbali, upige mahali. Sogea, umpige mtu. Sogea tena, upige jambo lenyewe. Usikuze picha kwa vidole juu ya kioo cha simu, maana simu nyingi zikikuza hivyo hukata tu picha na kuiharibu. Tumia miguu. Wanangu walikuwa wakianika kahawa uani. Kutoka mbali niliona ua, turubai, nyumba na migomba. Hatua ya pili ilinipa binti yangu akisambaza kahawa kwa reki. Hatua ya tatu ikanipa nyayo zake wazi katikati ya mbuni nyekundu zilizoanza kukauka. Picha tatu tu, na mtu wa Dar es Salaam ambaye hajapata kuona kahawa ya maganda akajua yote yaliyokuwa yakitendeka.

Kazi ya tano ndiyo iliyonitibu ugonjwa wangu wa zamani. Iliandikwa: "Mtu mweusi kivulini."

Kamera haijui inachokitazama. Hupima nuru yote iliyo mbele yake, ikachukua wastani, ikadhani kila kitu duniani kina weupe na weusi wa kadiri. Ukimsimamisha Babu mbele ya anga, kamera huona anga kubwa jeupe, ikaogopa, ikapunguza nuru yote, na Babu akapotea. Simu haikuwa mbovu, wala ngozi ya Babu haikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemsimamisha vibaya.

Hata hivyo, watengenezaji wa filamu nao hawakutuhesabu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi, na katika kadi hiyo alikuwamo mwanamke wa Kizungu. Rangi ikimkaa vizuri yeye, ilihesabiwa kuwa sahihi. Katika picha moja ya mtu mweusi na mtu mweupe, mara nyingi mweusi alibaki meno na macho. Na miongoni mwa waliolalamika hata rangi za kahawia zikaboreshwa walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa bidhaa zao hazikutoka vizuri pichani! Basi tukizijua tabia za kamera hatujidai ufundi. Tunajihakikishia tu kwamba wazee wetu wataonekana.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, ondoa weupe nyuma ya mtu: mweke mbele ya ukuta wa udongo, mlango, au miti. Pili, mgeuze uso uelekee mahali penye nuru, naye akiwa amekaa kivulini. Kizingiti cha mlango ndicho bora. Tatu, gusa uso wake juu ya kioo cha simu, ili kamera ipime uso na si anga, kisha uongeze au upunguze mwangaza polepole. Nne, ukiwa ndani ya migomba, angalia rangi: majani huchuja jua na kumpaka mtu ukijani. Mtoe hatua chache hadi ukingoni mwa shamba, ukijani utapungua. Picha tatu kati ya sita za kazi hii niliziharibu. Mzee alikataza kufuta, kwa hiyo ninazo hadi leo, na ndizo zilizonifundisha zaidi.

WALIOKUWA NA KAZI NYINGINE

Usiku, watoto walipolala, nilikuwa nikijiuliza kama mtu wa nusu saa anaweza kweli kufika popote. Kumbukumbu za dunia zinasema anaweza.

Ng'ambo ya mto Kagera, huko Mbarara nchini Uganda, aliishi mwalimu wa useremala aitwaye Musa Katuramu. Hakuwa na studio ya kuishi kwayo. Alifundisha, na pamoja na kufundisha akapiga picha za watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930: jamaa, majirani, wanafunzi, wakuu. Familia yake ilizitunza negativu zake, na katika karne hii zimechapishwa kitabuni. Leo mtu akitaka kujua watu wa upande ule walivyovaa na walivyosimama wakati huo, huzitazama picha za mwalimu aliyekuwa na kazi nyingine. Na huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alikuwa kijana fundi seremala alipoletewa kamera ndogo na mjomba wake mwaka 1935. Akajifunza kwa kupiga jamaa zake, na mwaka 1948 akafungua studio ambayo sifa zake zilikuja kuenea duniani kote.

Lakini yupo na wa tatu, naye hunitia hofu. Vivian Maier, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa yaya katika nyumba za watu mjini Chicago, Marekani. Alitembea na watoto wa waajiri wake na kamera shingoni, akapiga picha zaidi ya 100,000 kwa maisha yake yote. Karibu hakumwonyesha mtu. Filamu nyingi hazikusafishwa kabisa. Mwaka 2007 masanduku yake yalipigwa mnada kwa sababu kodi ya ghala haikulipwa, na alipofariki mwaka 2009 hakuwa amepata sifa hata moja kati ya zile alizopewa baadaye. Nuru aliijua, na nafasi aliipata. Kilichokosekana ni mkono wa pili wa kuzipokea picha.

Hapo nikaikumbuka simu yangu iliyokufa, nikaona kwamba kosa langu kwa Babu halikuwa la giza peke yake.

NENO LA BIBI

Kazi ya sita na ya mwisho ilisema: "Picha anayoitaka yeye." Nilidhani nimekwisha kuifanya. Nilimwonyesha Bibi ile mikono yake, nikingoja sifa. Akaishika simu mbali na macho yake, akaitazama kwa muda, akasema:

"Waitu! Hii si mikono ya mpishi tu? Watakaokuja watajuaje kuwa ni mimi?"

Nikamweleza habari za nuru na utomvu. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza daktari ambaye dawa yake hataimeza. Kisha akatoa masharti. Atavaa kitenge alichoshonewa kwa harusi ya mjukuu. Atavaa viatu. Atasimama, hataketi, na hatacheka. Na miguu ionekane. "Mtu asiye na miguu pichani," akasema, "amesimama juu ya nini?"

Ndugu msomaji, sisi tuliosoma kidogo tuna ugonjwa wa kuwapenda wazee wetu wakiwa wamekunjamana karibu na moto, wenye matambara na moshi. Wao wenyewe wanataka kukumbukwa wakiwa wamesimama. Sikuwa na haki ya kubishana. Nilimsimamisha mlangoni, uso ukielekea uani, ukuta wa kiza nyuma yake, saa kumi na moja na nusu. Nilirudi nyuma hadi viatu vikaingia. Nikagusa uso wake juu ya kioo. Nikapiga moja, mbili, hadi tano.

Ilibaki moja, ya 36. Nikamwambia asimame tena. Akakataa.

"Yatosha. Na yako wewe nani amekupiga?"

Nikafikiri. Katika picha zote za familia yangu kwa miaka kumi, mimi simo. Mwenye kamera hawezi kuwa pande zote mbili. Bibi akaichukua simu kwa mikono miwili, akaniamuru nisimame pale pale aliposimama yeye, akabofya kwa nguvu kana kwamba anapiga muhuri. Picha imekwenda upande, na nusu ya kichwa changu imekatika. Lakini miguu yangu yote imo.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilikwenda Muleba mjini, nikachapisha picha sita kwenye karatasi, moja kwa kila kazi, na ile ya Bibi nikaikuza. Nyuma ya kila moja tuliandika kwa kalamu ya risasi jina, mahali na tarehe, maana picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, huwa picha ya mtu yeyote. Bibi ameitundika yake karibu na ile ya Babu ya kitambulisho. Haikuwa katika uwezo wangu kumrudishia Babu uso wake. Ila chini ya fremu yake nimeiweka ile ya mundu, wenye bonde la kidole chake.

KAZI YA WIKI HII

Ndugu msomaji, nakuachia nawe karatasi. Usinunue kitu. Chagua mtu mmoja nyumbani kwako au jirani ambaye ukiambiwa leo ulete picha yake utahangaika. Wiki hii mpige picha sita tu, katika nusu saa iliyomo ndani ya shughuli zako: chai inapochemka, nguo zinapoanuliwa, mnapongoja gari kituoni. Siku moja mweke kando ya dirisha. Siku nyingine piga chombo chake cha kazi. Siku nyingine tembea zile hatua tatu. Usifute zilizoharibika, zitazame pamoja na watoto, mwulizane kosa liko wapi. Kisha mwulize mwenyewe anataka aonekaneje, na umtii.

Ifikapo mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, kabla ya madeni kuumaliza, chapisha moja. Andika jina nyuma. Mpe mtu wa pili nakala.

Nilipomrudishia mzee wa kamera karatasi yake pamoja na picha zote 36, alizipitia kimya, akaweka kando ile ya mpini wa mundu. Kisha akairudia ile ya mwisho, iliyokwenda upande, akaniuliza ni nani aliyeipiga. Nikamwambia ni Bibi.

"Mwambie," akasema, "kichwa atajifunza. Miguu ameweza."

Jumapili njema.